Mzee Sikio na Robo Saa Isiyo Kwenye Ratiba

Tarehe 30 Juni, saa nane kamili mchana, fundi mkuu wa pampu na kiongozi wa Zamu A, ambaye kila mtu hapa kituoni anamjua kwa jina la Mzee Sikio, atavua oveholi yake ya mwisho baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitano. Nimepitia madaftari ya zamu mwenyewe, maana hesabu ya ofisini siiamini mpaka niipige kwa mkono wangu. Ukitoa likizo, sikukuu na wiki nane alizokaa na plasta mkononi, amefanya zamu 9,614. Amechelewa mara mbili: siku barabara ya chini ilipojaa maji, na siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Ile ya pili alichelewa dakika kumi na moja, na bado akaomba radhi kwa maandishi.

Ofisi iliniomba maneno mia tatu na picha moja kwa ajili ya jarida la watumishi. Picha ipo. Maneno yamezidi, na wanisamehe. Mtu aliyesukuma maji miaka yote hiyo hatoshi kwenye kikombe.

Alianza kama kibarua wa kupaka grisi, wakati kituo kina pampu mbili badala ya sita. Cheti alichokuwa nacho ni cha shule ya msingi tu. Fundi aliyempokea alimkataza kushika spana mwezi mzima. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mota, mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akasimama hivyo mpaka aweze kusema kinachoendelea ndani. Jina lilitoka hapo, na halijambanduka tena. Mke wake, ambaye ni mshonaji, analalamika mpaka leo kwamba nyumbani mzee husikiliza friji kwanza ndipo amsikilize yeye. Jirani aliwahi kumwalika chakula cha mchana, na kabla sahani hazijatoka mgeni alikuwa ameshapanda juu ya stuli anafungua feni ya dari, akisema inaumwa.

Mimi nilimkuta nikitokea kwenye mitaro. Nilikuwa mchimbaji, sina cheti, sina ndugu ofisini, na nilipoomba kuingia ndani ya jengo la pampu nilichekwa na watu wanne. Wa tano alikuwa yeye, naye aliniuliza kama ninajua kuhesabu. Nikamwambia hicho ndicho kitu pekee ninachojua. Akanipa daftari la presha nilijaze kila nusu saa. Huo ni mwaka wa kumi na tisa sasa.

Miaka mitano iliyopita kituo kilifungiwa vipima vya kielektroniki na skrini, na vijana saba wakaajiriwa kwa mkupuo mmoja. Kwa hesabu ya siku ile tulikuwa watu kumi na wanne: wenye zaidi ya miaka hamsini watano, wenye chini ya thelathini saba, na wa katikati wawili, mimi na karani wa stoo. Nawataja wa katikati kwa sababu hakuna mwingine atakayewataja. Semina zote huzungumzia vijana na wazee. Sisi ndio tunaopanga viti.

Mambo hayakuanza vizuri. Wazee waliwaita wenzao wapya watoto wa kubonyeza. Vijana wakawaita wazee toleo la zamani. Mzee akipita anakagua beringi kwa kiganja, kijana anamwambia joto lipo kwenye skrini, babu, usijichoshe. Skrini ikizima kwa umeme kukatika, mzee naye hana dogo: anawauliza vijana kama na wao wamezima. Utani ulikuwa utani kwa wiki tatu za kwanza. Baada ya hapo watu walianza kunywa chai kwenye vyumba viwili.

Kati ya vijana wale alikuwemo fundi wa mitambo wa kike ambaye wiki yake ya kwanza alichomoa birika la chai kwenye soketi pekee ya chumba cha udhibiti ili achaji simu. Wazee wakakaa bila chai kuanzia asubuhi hadi saa sita. Tangu siku hiyo anaitwa Chaji. Mzee Sikio peke yake ndiye aliyemwita mjukuu, hata siku ya birika.

Sasa nieleze jambo ambalo kila mtu hapa analijua nusunusu, na bila hilo hamtajua kwa nini tunamuaga mtu huyu kwa namna tunavyomuaga.

Ilikuwa Jumanne, miaka minne iliyopita. Wakaguzi walitarajiwa saa tano asubuhi, na amri ya ofisi ilikuwa fupi: kila kitu king'ae. Pampu namba tatu ilikuwa imefunguliwa kwa sababu ilivuja. Mzee Sikio alikuwa chini shimoni, mikono yote miwili ndani ya pampu. Kabla ya kushuka alikuwa amefunga valvu ya kuingizia maji iliyo juu, kwenye daraja la chuma, na akatundika glovu moja chafu kwenye gurudumu lake. Kwetu sisi wa siku nyingi, glovu kwenye gurudumu ilikuwa na maana moja: usifungue, kuna mkono wa mtu ndani.

Kumbuka kwamba Chaji naye alikuwa amefuata taratibu zake. Alitaka kupumzisha namba nne na kuwasha namba tatu, asijue kwamba imefunguliwa, kabla ya wakaguzi kufika. Aliandika hivyo kwenye kikundi cha simu cha kituo, chenye watu wote kumi na wanne, akauliza kama kuna pingamizi, akasubiri dakika kumi. Vijana sita wakajibu kwa kidole gumba. Wengine wote kimya. Kwa vijana, kimya cha dakika kumi ni ruhusa. Kwa wazee, ujumbe ambao hakuna aliyeutamka kwa mdomo haujatumwa. Simu ya Mzee Sikio ilikuwa mfukoni mwa koti, koti kwenye msumari, mlio umezimwa.

Saa tatu na dakika arobaini Chaji alipanda darajani. Akaona glovu chafu kwenye gurudumu siku ya ukaguzi. Akaitoa, akaitia kwenye ndoo ya sabuni pamoja na nyingine kumi na moja alizokwisha kuziokota, akafungua valvu. Namba nne ilikuwa bado inanguruma, kwa hiyo hakusikia sauti ya mtu.

Maji yalimrusha mzee ukutani. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika, na kidole chake cha mwisho hakikunji mpaka leo. Mkono wa kulia alikuwa ameutoa sekunde chache kabla, kuchukua spana. Jengo lilijaa mpaka magotini, na mitaa ya juu ilikaa bila maji kwa muda wa saa tisa.

Ripoti iliandikwa jioni ileile. Ilisema uzembe wa mtumishi kijana aliyeondoa ishara ya usalama. Kiongozi wa Zamu A alikuwa hospitalini, kwa hiyo ikaletwa kwangu, kiongozi wa Zamu B, nikatia sahihi. Nasema wazi ili nisionekane ninasimulia makosa ya wengine tu. Nilikuwa na hasira. Kwa miaka sita nilikuwa nimeandika barua saba kuomba vibao vya onyo vyenye kufuli kwa ajili ya valvu, na zote saba zilirudi na muhuri wa "Imepokelewa". Lakini hasira hiyo ilikuwa haki ya ofisi, na mimi nikaimwagia binti.

Chaji alibakiza miezi mitatu amalize mwaka wa majaribio. Kufukuzwa kabla ya kuthibitishwa, tena kwa kosa la kumjeruhi mtu, kungemfuata kila alikopeleka maombi. Ni mtoto wa kwanza wa mama muuza mboga, na fundi wa kwanza katika ukoo wao. Wiki ile alikuwa anakuja kazini, anakaa pembeni, hagusi kitu. Vijana wenzake waliacha kuongea na wazee kabisa. Wazee nao walikuwa wanasema tuliwaambia. Lau kamati ya nidhamu ingeamua kama ilivyotarajiwa, yaani kumfukuza, kituo hiki kingebaki na makundi mawili yanayoendesha pampu sita bila kusalimiana, na ajali ya pili ilikuwa suala la tarehe tu.

Kamati ilikuwa na watu watano. Mzee Sikio aliitwa kama mjeruhiwa, aseme alivyoumia, basi. Aliingia na plasta, akakataa kiti. Mwenyekiti akamuuliza kama ni kweli mtumishi huyu aliondoa ishara ya usalama. Mzee akajibu kwa kuuliza nani kati yao watano anajua glovu juu ya gurudumu maana yake nini. Mmoja akasema labda inakaushwa.

Ndipo akasema maneno ambayo katibu aliyaandika, nami nimeyanakili kutoka kwenye kumbukumbu za kikao:

"Ile glovu tulikubaliana watu watano. Watatu wamestaafu, mmoja tumemzika. Mimi nikaendelea kuitundika kama vile bado wapo. Huyu mtoto mngempa barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, mngemfukuza kwa kutoijibu? Yeye aliandika kwenye simu, sikusoma. Mimi niliandika kwa glovu, hakusoma. Kama ni kosa, tugawane."

Waligawana kweli. Chaji aliongezewa miezi sita ya majaribio, akabaki kazini. Mzee Sikio akapewa barua ya onyo kwa kutumia ishara isiyo rasmi kwa muda wa miaka ishirini na sita. Ilikuwa barua ya kwanza ya onyo katika miaka thelathini ya kazi yake, na aliipokea kwa mkono mmoja. Mwenye mihuri ya "Imepokelewa" hakupewa onyo lolote. Haya nayaweka hapa kwa sababu jarida hili husomwa na wakubwa pia.

Aliporudi baada ya wiki nane, watu walingoja waone atamfanyaje yule binti. Alimkuta chumba cha udhibiti, ameinamisha kichwa, anamwamkia kwa sauti ya kuombea maji. Mzee akaitikia, akamwambia kesho aje robo saa kabla ya zamu. Atamfundisha asiyoyaandika, na yeye amfundishe asiyoyasema.

Hiyo robo saa ndiyo kazi kubwa ya maisha yake, ingawa haimo kwenye ratiba yoyote. Anayetoka na anayeingia wanatembea pamoja kutoka namba moja hadi namba sita, hatua 212, na kila kitu kinapokewa mara tatu: kwa mdomo, kwa mkono na kwa simu. Anayepokea hurudia alichoambiwa kwa maneno yake mwenyewe. Akirudia vibaya, mnaanza tena namba moja. Mwezi wa kwanza kuna kijana alianzishwa mara nne, akasema ameshatembea mpaka kwao. Mzee akamwambia basi wasalimie, turudi namba moja.

Wakiwa wanatembea, Chaji aliandika. Mambo aliyoyatoa kwenye vichwa vya wazee yalimshangaza hata mwandishi wa makala hii, aliyejidhani mwenyeji. Ufagio uliosimamishwa kichwa chini mlangoni pa chumba cha klorini ulimaanisha usiingie bila barakoa. Mistari miwili ya chaki kwenye mota ilimaanisha ina wiki mbili za kuishi. Jiwe juu ya mfuniko wa tangi lilimaanisha ngazi ya ndani imeoza. Vyote hivyo tulikuwa tunavifanya kila siku mbele ya vijana wale, tukiwalaumu kwa kutojua. Vijana nao walikuwa na ya kwao: kidole gumba kwao kilimaanisha nimeona, na wazee wachache waliokuwa wakisoma ujumbe walidhani kinamaanisha nimekubali. Sasa kuna orodha ukutani yenye mambo sitini na matatu, arobaini na moja kutoka kwa wazee, na ishirini na mawili kutoka kwa vijana. Glovu imefutwa. Vibao vyenye kufuli vilikuja mwaka uliofuata, barua ya nane ikiwa imetiwa sahihi na watu wote kumi na wanne. Barua ya mtu mmoja huwekwa kwenye faili. Ya watu kumi na wanne huwekwa mezani.

Mzee mwenyewe alijifunza simu kwa ukaidi uleule aliojifunzia pampu. Kuandika kulimchosha, kwa hiyo alipogundua kurekodi sauti akaona amefika. Siku moja kikundi kilipokea kutoka kwake sekunde arobaini za mngurumo mtupu. Watu wakadhani amekalia simu. Kesho yake akatuma tena, na keshokutwa tena. Kijana mmoja akauliza kwa heshima kama babu anaweza kujifunza kufunga skrini. Chaji peke yake ndiye aliyevaa visikilizio akasikiliza ya kwanza hadi ya tatu, akasikia mkwaruzo mdogo, kama kucha juu ya bati, unaozidi siku hadi siku. Ilikuwa beringi ya namba tano. Skrini ilikuwa inasema kila kitu ni kijani. Walipofungua, beringi ilikuwa imebaki jina.

Tangu hapo wawili hao wamekusanya sauti 118: pampu nzima, pampu yenye hewa, pampu yenye mchanga, mota inayotaka kufa na inayojifanya. Kila mwajiriwa mpya husikiliza zote na kufanya mtihani. Mimi nilipata themanini na moja, na sijutii. Karani wa stoo alipata tisini, jambo ambalo analitaja zaidi ya inavyohitajika.

Kwa wanaopenda hesabu: mwaka wa ajali ile, pampu zilisimama ghafla mara arobaini na moja. Mwaka uliofuata mara kumi na saba. Kisha tisa. Mwaka jana sita. Ofisi baadaye ilituletea mtaalamu wa masuala ya vizazi kazini, mtu mpole mwenye picha nzuri, akatueleza waliozaliwa miaka fulani wanapenda nini na waliozaliwa miaka mingine wanachukia nini. Mzee Sikio alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamuuliza kama anaweza kuja kesho yake robo saa kabla ya zamu. Alikuja, na kwa hilo anastahili sifa. Alitembea hatua zote na akaanzishwa mara mbili. Ripoti aliyoitoa ni nzuri, na ndani yake robo saa inaitwa mpango wa ofisi. Sisi hatugombei jina. Tunaomba tu iingizwe kwenye muda wa kazi. Kwa zamu tatu ni dakika arobaini na tano kwa siku, dakika 16,425 kwa mwaka, na mpaka leo kwenye karatasi hazipo.

Kuanzia tarehe 1 Julai kiongozi wa Zamu A atakuwa Chaji. Barua yake ya uteuzi ilitoka Jumanne iliyopita. Mzee Sikio hakuulizwa maoni yake, na nadhani hiyo ndiyo heshima kubwa zaidi aliyopewa: hapakuwa na haja ya kuuliza. Mama yake binti alifika getini na fungu la mboga, akataka kumwona babu wa mwanawe. Walizungumza wamesimama. Sikusikia walichosema, na kwa mara ya kwanza sikujaribu kuhesabu dakika.

Limebaki jambo moja. Watumishi wote kumi na watatu tulitia sahihi ombi la kutaka ile barua ya onyo itolewe kwenye faili lake kabla hajaondoka. Niliandika mimi, na safari hii afisa utumishi alikubali siku hiyohiyo. Mzee alipoambiwa, alikataa.

"Iacheni," alisema. "Faili zima limejaa sifa, na sifa hazimfundishi mtu. Huyo mjukuu atakuja kuwa na vijana wake atakaowaona wajinga. Siku hiyo nataka aifungue aisome."

Chaji alikuwepo. Alisema atakuja kuisoma mapema, asingoje siku hiyo.

Basi, Mzee Sikio. Kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano, watu wengi wasiokujua wamefungua bomba na maji yakatoka, wala hawakuwaza kwamba kuna mtu. Sisi tumewaza. Asante kwa masikio yako, kwa mkono wako, na kwa ulimi wako siku ulipohitajika. Tunakuombea afya, nyumba yenye wajukuu na kelele nzuri, mke wako asikilizwe kabla ya friji, na usingizi wa asubuhi ambao hujauonja tangu ujana.

Zamu tumeipokea.